Mama Mwenye Hakulia ku Teyatre

Batu ba Baraka, kwetu huku ku ziwa, banapenda kusema teyatre ya masomo yetu ilikufa juu mvua ilibomoa hangari. Bongo, uwongo mutupu! Ile hangari iko pale mpaka leo, balirudishamo pamba, na bati zake hazina hata tundu. Mi nilikuwa mu ile teyatre tangu mwanzo mpaka siku ya mwisho, na nitaandika vile ilikufa. Mwenye hataki kusikia, aende kuanika samaki zake za ndagala.

Mwanzo haikuwa hata teyatre. Ilikuwa Noeli. Mupe, padri wa misioni, alikuwa anavalisha batoto ba masomo mashuka, anasimamisha mbuzi mu kona, na kusema kweli batu balikuwa banakuja kuangalia ile mbuzi, juu kila mwaka ilikula kintu. Mwaka moja ilikula majani yote ya kitanda cha Mutoto. Mwaka ingine ikakula ndevu ya mufalme, ndevu ya pamba, na mufalme akabakia na kidevu chake cha mutoto, analia. Ile siku batu balicheka mpaka Mupe mwenyewe akatoka inje.

Kisha Monitere akakuja. Alikuwa mwalimu mupya, alitoka ngambo ya Kasongo, na viatu byake bilikuwa binalia kila hatua sawa bata. Akaona ile Noeli, akasema: "Batu ba huku banajua kusema kuliko batu bote nilisha kuona. Mbona munabavalisha mashuka na kubanyamazisha?" Akaenda kuomba hangari ya pamba. Wakati pamba imekwisha kupakiwa mu makamio, motokari za muzigo, ile hangari inabakia bure, panya tu njo iko na kazi. Bakamupatia. Tukapanga mapipa ya mafuta, juu yake mbao za mashua yenye ilikuwa imeoza ku inchi, pembeni ya ziwa. Rido yetu, pazia ya mbele, ilikuwa magunia ya pamba, na mwenye aliishona ni mama ya rafiki yangu. Alishona na uzi ya wavu, ile uzi bwana yake aliacha wakati ziwa ilimukamata. Uzi ya mukila, wavu ya samaki kubwa, haikatiki.

Sasa nitasema juu ya ile mama, na mutu asiniingilie. Mi mama yangu mwenyewe alikufa ningali ku mugongo. Mama ya rafiki yangu njo alinikulisha. Alikuwa mutu wa Lweba, aliolewa Baraka. Alikuwa amezika bwana, akazika batoto babili, akabakia na rafiki yangu peke yake. Bugali yake alikuwa anaigawa katikati na kijiti, nusu yake huyu, nusu yake mi, bila kuangalia nani alitoka mu tumbo yake. Basi.

Balinifukuza ku masomo mu mwaka wa tatu, juu mwalimu moja alimuita rafiki yangu "mutoto wa mujane" mbele ya darasa yote, na kibao yangu ya kuandikia ikaruka yenyewe mpaka ku paji la uso ya ule mwalimu. Kusoma nilijifunza pekee, ku maandiko ya magunia na ku karatasi zenye bachuuzi balikuwa banafungia chumvi. Lakini Monitere alinirudisha kwa mulango ya nyuma, mulango ya teyatre. "We uko na mudomo sawa ngoma," akaniambia. "Mudomo ya namna hiyo isipopewa kazi, itapiga batu." Kazi yangu ikakuwa kuzunguka kuita batu, na kucheza bakubwa: kapita musimamizi, polisi, infirmiye mwenye kuchoma sindano.

Na rafiki yangu? Hakuwa musemaji. Mwembamba, mupole. Lakini alijua kukaa bila kutikisika kuliko mutu yeyote. Unamwambia "kuwa jiwe," anakuwa jiwe.

Mwaka wa kwanza, Muzungu wa pamba, mwenye hangari, aliomba muchezo juu ya mulimaji muvivu. Tukacheza. Muvivu analala ku mukeka, jirani yake anatoka jasho mu pamba. Ku mwisho jirani anapata kikwembe kipya, nguo ya kujifunga, na muvivu anafungwa. Lakini kila mara muvivu alijigeuza ku mukeka, batu balipiga mikono. Muzee moja akasimama akasema kwa nguvu: "Huyu njo iko na akili! Jirani amepata kikwembe kimoja na mugongo imevunjika!" Muzungu hakupiga mikono. Mwaka wa kufuata bakatuambia tuache pamba, tucheze sindano.

Ile ya sindano Monitere aliitunga yeye mwenyewe. Mutu anashikwa na homa. Anakataa kwenda ku dispensere, anasema sindano inakunywa damu. Anakunywa madawa ya mizizi, anakufa. Banamuke banalia. Infirmiye anafika na sanduku yake, anasema: "Mungeniita jana." Rido inafungwa. Ni hiyo tu. Mwenye kukufa alikuwa rafiki yangu, infirmiye alikuwa mi. Banamuke balikuwa batoto batatu ba masomo mu bikwembe bya badada yabo.

Na pale njo matata ilianza. Bale batatu kila balipofungua kinywa kulia, kicheko njo ilitoka. Monitere akakasirika. Siku moja kukakuwa matanga ya kweli ku upande wa Mwemezi, na Monitere akaenda kukaa kule, akasikiliza. Akarudi na ile kilio yote mu kichwa: vile inaanza chini, vile inapanda, mahali pa kupumzika, mahali pa kushika kichwa. Akabafundisha bale batatu kila masomo ikikwisha. Bakajua. Bakajua mupaka mbwa wa misioni wakaanza kubajibu.

Mutu wa kwetu hangefanya vile. Monitere hakuwa mubaya, lakini hakuwa mutu wa kwetu. Huku, kilio ikitoka, mwanamuke hakai kimya. Hata hajui nani amekufa, analia kwanza, kisha anauliza. Mwenye anabakia na macho makavu batu banamuangalia: juu ya nini halii? Anajua nini? Banasema mulozi, ule muchawi wa kukula batu, hawezi kulilia nyama yake. Hiyo kila mutoto wa Baraka anaijua mbele ya kujua kuogelea.

Juma moja mbele ya muchezo, Monitere alikuja kwa mama kuomba kikwembe cha kufunika maiti. Mama akamupatia chake cha manjano chenye ndege. Monitere alipoenda, mama akaniuliza, anachambua sombe ya majani ya muhogo, hainui macho:

"Ile kilio. Batalia ya kweli?"

"Mama, ni muchezo."

"Nimeuliza kilio, sikuuliza muchezo."

Nikacheka. Nikamwambia asiogope, bale batatu ni bavulana benye hata ndevu haijatoka. Hakucheka. Akaendelea na sombe yake.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya Mungu, misa imekwisha. Batu balijaa. Balitoka Swima, balitoka Lweba, na bamama Baislamu ba ku inchi balikaa upande wa mulango na miavuli yabo. Joto ilikuwa ya kupikia yai. Ngambo ya milima ya Ubwari wingu ilikuwa imesimama, nyeusi, haiendi, hairudi. Mama alikaa mbele kabisa, mahali Monitere alimuwekea, juu ni yeye alishona rido.

Rafiki yangu akakataa sindano, batu bakacheka. Akakunywa mizizi, akakunja uso, batu bakacheka tena. Kisha akalala. Bakamufunika cha manjano. Akakuwa jiwe.

Bale batatu bakafungua kinywa.

Nilikuwa nyuma ya rido na sanduku yangu, naangalia mu tundu. Nikasikia kwanza sauti moja huku nyuma ya hangari, ya mwanamuke muzee, inajibu. Nilifikiri anacheza tu. Kisha ingine. Kisha ilikuwa sawa moto mu nyasi: musitari wa nyuma, musitari wa katikati, bamama Baislamu bametupa miavuli, mikono ku kichwa. Banaume bakatoa kofia. Bati ilikuwa inatetemeka. Kila mutu alikuwa analilia maiti yake ya zamani juu ya mwili ya rafiki yangu mwenye alikuwa muzima, na mwanamuke moja akaita jina yake. Jina yake ya kweli, ya kuzaliwa. Aliiita sawa vile banaita mwenye amekwenda.

Na mama alikaa. Mikono ku magoti, macho makavu, anaangalia kikwembe chake.

Angefanya nini? Mutu aniambie! Kulilia mutoto wako muzima ni kumuonyesha kifo njia ya mulango. Kukaa kimya ni kusema we njo kifo. Bamama bote pale balikuwa banajua hiyo, na bote balimuangalia. Jirani yake alikuwa analia kwa nguvu, machozi mupaka ku shingo, lakini macho yake haikuwa ku maiti. Ilikuwa ku mama.

Nikaingia, nikasema "Mungeniita jana," hakuna mwenye alisikia. Rido ikafungwa. Rafiki yangu akaamuka, akatoka mbele kuinama sawa vile tulifundishwa. Hakuna mikono. Muvuvi moja huku nyuma akasema: "Eeh, amerudi haraka huyu, hata bugali ya matanga hatujakula." Bamoja bakacheka. Lakini ku mulango, wakati alikuwa anapita, batu balimuachia njia. Njia kubwa, sawa ya kupitisha jeneza.

Ku kisima asubuhi, bamama balisogeza ndoo zabo mbali na ya mama. Kisha ndagala yake ya kuuza ku soko ikaanza kubakia ku mukeka. Hakuna mwenye alimutukana. Ingekuwa matusi, ningejua la kufanya. Balikuwa banamusalimia vizuri sana, "Mama, uliamuka?", na banapita. Ni kijana moja tu mupumbavu, ku soko, alifungua kinywa:

"We unakula kwake kila siku? Uangalie sahani. Amezika babili na baba yabo, nafasi bado iko."

Ule kijana leo anatafuna na upande wa kushoto. Mama alipojua, alinipiga na mwiko. "Unapigana juu yangu? Unabapatia mafuta ya kutia ku moto!" Kisha akanigawia bugali, nusu yangu, nusu ya rafiki yangu.

Mvua ikaanza. Na mvua ya Baraka inakuja na homa, kila mwaka, nyumba kwa nyumba. Ile mwaka ilishika batu bengi, ilishika hata Monitere. Lakini ilipomushika rafiki yangu, balisema haikuwa tena homa, ilikuwa mama. Siku ya tatu baba yake mudogo akakuja, ndugu ya marehemu, mutu wa kusema polepole, hajawahi kuinua sauti. Akakaa ku kiti, akaangalia mugonjwa, akasema mbele yetu sote:

"Shemeji, mi sisemi kintu. Batu njo banasema. Tunangojea. Mutoto akipona, tutanyamaza. Akienda, hautalala hapa. Na hatutakupa muda ya kufunga mizigo."

Nikasimama. Mama akaniangalia, nikakaa. Akamujibu: "Baba mudogo, chai iko na sukari." Akasogeza kikombe mbele yake. Asubuhi akamubeba mutoto ku mugongo, mutoto mwenye miguu ilikuwa inagusa chini, akamupeleka ku dispensere. Bakamuchoma sindano. Infirmiye wa kweli, hakuwa sawa mi. Homa ikashuka kidogo, ikapanda, ikashuka.

Angali analala vile, Monitere akakuja na habari. Bwana administratere, mukubwa wa serikali, amesikia muchezo wa sindano, anautaka Fizi, ku bureau, ofisi yake, mbele ya batu bote ba milima.

"Mutafute maiti ingine," nikamwambia.

"Hakuna mwenye anataka. Nimeuliza bote. Banakimbia ile mukeka sawa nyoka."

"Basi mutu asikufe. Ku mwisho infirmiye anamuchoma, anaamuka. Batu baone ameamuka mbele ya macho yabo, ile jina baliita irudi."

Monitere akakamata kichwa. "We, fikiri. Mutu amekataa sindano, kisha anaamuka? Batu batajifunza nini? Kwamba unaweza kukataa, utapona tu! Administratere atanifunga mi."

"Afunge. Huyu mama batamufukuza."

"Ile ni mambo yenu ya huku, mi siingiliimo. Fizi atakufa sawa vile alikufa Baraka. Umesikia?"

Nilisikia. Masikio yangu haina ugonjwa.

Tukapanda ku kamio ya pamba. Batu ba Baraka bengi balipanda pia, baba mudogo alikaa mbele na shofere. Rafiki yangu alikuwa anaweza kusimama, macho yake ya manjano sawa ile kikwembe. Mama alikuja. Nilimwambia abakie, akasema: "Balinitazama Baraka. Banitazame na Fizi." Akakaa nyuma ku mulango ya kamio, rido imekunjwa ku magoti, na bamama bengine bakajibana mbele kabisa, moja juu ya ingine, kuliko kukaa karibu naye. Ile barabara inapanda, inajizungusha, kila kona ziwa inakuwa ndogo. Juu kule baridi, nyasi inalala na upepo. Hakuna mwenye aliimba. Umeshasikia kamio ya Baraka inapanda Fizi bila wimbo?

Balituwekea mbao mu kiwanja ya bureau. Administratere mu kiti chake, bibi yake pembeni, batu ba milima balikaa chini mupaka ku mitaro. Rafiki yangu akakataa sindano. Akakunywa mizizi. Akalala. Bakamufunika. Hakuwa anacheza jiwe tena. Alikuwa na baridi, nilikuwa naona kikwembe inatetemeka.

Bale batatu bakavuta pumzi.

Nikaruka mbele, saa yangu bado. "Munyamaze! Nani amewaambia mulie? Huyu mutu anapumua!"

Nyuma ya rido Monitere akanong'ona: "Amekufa! We mujinga, amekufa!"

"Monitere anasema amekufa," nikaambia batu. "Monitere alisoma Kasongo, mi nilisoma ku magunia. Lakini mi njo niko na macho. Muangalie!" Nikatoa kikwembe. "Maiti gani inatetemeka na baridi?"

Batu ba milima bakaanguka na kicheko. Nikafungua sanduku, nikatoa ile sindano yetu ya mufupa wa kuku, nikamuchoma mu tako. Rafiki yangu akakaa. Hatukuwa tumepatana, nawaapia. Akaniangalia, akaangalia batu, akasema kwa sauti yake ndogo: "Niko na njaa."

Ah! Mikono, vigelegele! Administratere mwenyewe alipiga mikono, bibi yake anapangusa macho. Na mimi, mupumbavu wa furaha, nikageuka kumuangalia mama.

Alikuwa amesimama. Analia. Yote ile alifungia mu kifua tangu hangari ya Baraka ilitoka siku ile, mikono ku kichwa, ku magoti, anaita jina ya mutoto wake mara na mara. Nikafikiri: sasa bameona. Sasa imekwisha.

Nikabaangalia batu ba Baraka. Habakuwa banapiga mikono. Baba mudogo aligeuza kichwa polepole, akamutazama mama, kisha akatazama bengine. Na ule jirani, ule wa machozi mupaka ku shingo, akasema, hakusema kwa nguvu, lakini kila mutu alisikia:

"Mutoto alikufa, hakulia. Amepona, analia."

Bote balisikia: mulozi analilia nyama yenye imemuponyoka. Hiyo njo ilimaliza teyatre. Haikuwa mvua.

Banasema mi njo niliharibu, juu nilibadilisha muchezo. Nitabadilisha tena kesho! Ningemuacha alale pale, balie tena jina yake, hata leo angekuwa chini. Alisimama kwa miguu yake, alikula bugali Fizi, nilimuona.

Bakaka ba mama balikuja na mashua kutoka Lweba, mbele kikao ya ukoo ya kumuhukumu haijakaa. Baba mudogo alisema mutoto ni wa ukoo wa baba, anabakia. Rafiki yangu aliingia mu mashua, akalala chini, alikuwa bado zaifu, mama akamufunika cha manjano asiloane na maji ya mawimbi. Asubuhi ile mama alikuwa amepita kwanza ku hangari. Alifungua rido mushono kwa mushono, akatoa uzi yote, akaizungusha ku mukono. Magunia alikunja vizuri akaacha pale. "Uzi ni ya bwana yangu," akaniambia. "Magunia ni ya pamba." Kisha akanishika kichwa na mikono mibili, akaniacha.

Bamama benye balikuwa banafua ku inchi bakasimama kuangalia mashua inakwenda, ile manjano mule ndani inalala. Hakuna mwenye alilia. Mi nilibatazama sura kwa sura. Nikapaza sauti: "Mbona hamulii? Maiti yenu inakwenda! Macho makavu leo ni ya nani?"

Bakarudi kufua.

Baba mudogo alikuwa nyuma yangu, sikumusikia kufika. Akasimama pembeni, anaangalia mashua pamoja na mi, mupole, sawa mutu anauliza bei ya chumvi.

"Na we, kijana," akasema. "We haulii?"

Nikagusa uso yangu. Ilikuwa kavu. Nilikuwa na hasira, na mi nikiwa na hasira machozi haitoki, tangu utoto, kila mutu anajua. Nikafungua kinywa kumuelezea. Alikuwa amesha kwenda.

Kesho yake asubuhi nilipeleka ndoo yangu ku kisima. Bamama bakanisalimia vizuri sana. Kisha moja akavuta ndoo yake, na mwingine yake, mupaka yangu ikabakia peke yake.